Saa Kumi na Moja na Nusu, Glendale

Majina yatasomwa kabla jua halijapanda milima ya Verdugo.
Shemeji yangu Hrant ameshafika na mfuko wa jozi,
kilo mbili, za kuwekeana dau,
na kalamu aliyopewa bure na kampuni ya mazishi.
Kahawa ipo. Tuandike.

Filamu bora: hawataiacha "Kiangazi cha Hakimu".
Si kwamba ni nzuri. Ni ndefu,
ina vita, ina mtoto mgonjwa, ina mvua makaburini,
na wapiga kura hupenda kulia
pale wanapoonekana.
Mimi nilisinzia kati ya vita na mvua.

Mwigizaji bora wa kike: yule aliyenyoa nywele.
Kila mwaka yupo aliyenyoa, au aliyenenepa,
au aliyekonda hadi mbavu zikahesabika,
kana kwamba kuigiza ni kazi ya kinyozi na bucha.
Ningempa mimi yule bibi wa "Duka la Vifungo",
dakika kumi na moja tu,
anahesabu chenji, anakosea, anaanza upya,
na usoni mwake unaiona nyumba nzima aliyoiuza.
Hatatajwa. Naweka jozi tano.

"Atatajwa. Kumi, Siranush," anasema Hrant,
ambaye hakuitazama.

Mwongozaji: yule kijana wa kamera yenye homa.
Wenzangu wanaita ujasiri. Mimi niliita kizunguzungu,
nikatoka nje kununua maji.
Mwaka jana niliapa hafiki popote, akafika.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukambaa;
safari hii natabiri kinyume cha moyo wangu.
Mwandike. Mwandike kwa herufi kubwa.

Sasa sauti.
Hapo Hrant ananyamaza, anapasua jozi,
analitazama ganda kuliko kokwa.

Theluji ile ya "Reli ya Narine",
anayoikanyaga mlinzi dakika arobaini bila neno,
ni wanga wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi.
Studioni kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa;
baridi pekee iliyokuwamo
ni baridi yabisi ya vidole vyangu.
Mfupa wa mguu unaovunjika: tambi mbichi kwenye kitambaa chenye maji.
Kunguru wanaoruka kutoka kwenye nyaya:
glavu za Vahram, marehemu mume wangu, ndugu yake Hrant,
nilizozipiga hewani, na kuzipiga tena,
mpaka zikaondoka.
Gereji nina jozi sitini na mbili za viatu.
Hakuna hata moja inayonienea.

Wanasoma.
Aliyenyoa: ndiyo. Kizunguzungu: ndiyo.
Hakimu na mvua yake, ndiyo, ndiyo.
Bibi wa vifungo, hakuna.
Nimeshinda jozi kumi, na sina hamu ya kuzipasua.

Sauti bora: "Reli ya Narine".
Hrant anaruka, kahawa inamwagikia utabiri wetu.
Majina manne yanafuata. Msomaji anayatamka vizuri yote,
moja baada ya jingine, kama mtu ashukaye ngazi
anayejua vidato ni vinne.
La kwangu halimo. Kanuni zao zina nafasi nne,
na mtu wa viatu haingii.
Nilijua. Nililiandika jana usiku chini kabisa ya ukurasa,
bila kuliwekea dau.

"Wamezitaja glavu," anasema Hrant.
"Hawakuzitaja."
"Nimesikia mimi."

Naenda kutafuta kitambaa.
Vigae vya jikoni, kandambili zangu: pa, pa,
mlio mkavu mno, wa mtu mwembamba kuliko mimi,
mtu asiye na haraka wala mgeni.
Kwenye filamu ningeubadilisha.